Amekufa Maskati, Zanzibar Bado Yu Hai

Kwenye makaratasi ya nchi hii, mama yangu mdogo yu hai. Ana Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, jina lake limo kwenye Daftari la Wapiga Kura, ana akaunti benki, na ana kiwanja Fuoni chenye msingi uliokwisha na matofali yaliyoanza kuota majani. Sisi tulishamsalia sala ya ghaibu, na hitma tukasoma. Amezikwa Oman, siku ya pili baada ya kufariki, na hakuna hata mtu mmoja wa nyumbani aliyekuwepo kumtia udongo.

Alikwenda Manga kufanya kazi za ndani. Miaka minne. Watoto wawili kawaacha kwa bibi yao, na kila mwisho wa mwezi hela inaingia kwenye simu. Siku tuliyopata habari, aliyetupigia si ubalozi wala si wakala aliyempeleka. Alikuwa dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi nyumba ya jirani, ambaye hata hatukuwa tunamjua. Alilia mwanzo, akasema baadaye.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Kwani nyumba ngapi za Unguja na Pemba zina hadithi hii hii? Kaa barazani jioni, taja neno Maskati, uone kila mtu ana wake. Kifo ni haki, hilo hatubishani na mtu. Ninachotaka tukizungumze, vijana wenzangu, ni kinachofuata baada ya mazishi, maana hapo ndipo Serikali inapojificha.

Mtu akifia Mwembeladu au Mkoani, utaratibu tunaujua. Hospitali inaandika, au sheha anajuulishwa, unakwenda ofisi ya usajili ya wilaya, unatoka na cheti cha kifo. Kuna usumbufu wake, kuna "njoo kesho" zake, lakini njia ipo. Sasa mtu akifia nje? Sheha anakwambia, na ana haki, "Mimi maiti sikuiona, nitaandikaje?" Ofisi ya kwanza tuliyokwenda wakatuuliza amefia wapi. Oman. Basi hilo si letu, mambo ya nje ni ya Muungano, nendeni ng'ambo. Tukapanda boti. Ofisi ya pili, ng'ambo, wakauliza marehemu ni mtu wa wapi. Zanzibar. Aa, basi rudini kwenu, vifo vya Zanzibar vinasajiliwa Zanzibar. Tukapanda boti tena. Nikisema ukweli, kijana wa kaunta hakuwa mkorofi hata kidogo, alituonea imani na akatupa kiti bibi akae. Ila hakuwa na la kutufanyia.

Wazee wetu wakizungumza muundo wa Muungano huzungumza kwa vifungu na majedwali. Ni sawa, na mimi navisoma. Mambo ya Nchi za Nje ni jambo la pili kabisa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Usajili wa vizazi na vifo haumo kwenye orodha ile, ndiyo maana Bara kuna RITA na hapa kwetu kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kwa hiyo Mzanzibari akifia nje, anayepokea taarifa ya kifo ni chombo cha Muungano, na anayetakiwa kukiandika ni chombo cha Zanzibar. Katikati ya vyombo hivyo viwili kuna bahari, na anayeivuka ni bibi wa miaka sabini na bahasha mkononi.

Kuna watu watasema: cheti cha nini, si mmeshazika? Hebu tuhesabu. Mirathi: ukienda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au ukienda Mahkama ya Kadhi, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni cheti cha kifo. Bila ya hicho hakuna marehemu, na bila ya marehemu hakuna warithi. Bibi ana sudusi yake kwa binti yake, watoto wana chao kilichobaki, Mwenyezi Mungu ameshagawa. Lakini benki haisomi sura ya Nisaa, benki inasoma cheti. Kile kiwanja cha Fuoni hakiuziki, hakijengeki kwa jina la watoto, na jirani ameshaanza kusogeza uzio.

Mishahara aliyokuwa anadai kwa tajiri wake, mafao ya mwisho wa kazi kama yapo, fidia kama kifo kilikuwa cha ajali: vyote hivi kule vinadaiwa na warithi, na warithi wanatakiwa wathibitishe kuwa wao ni warithi. Hati ya warithi inatoka kwa Kadhi. Kadhi anataka cheti. Umeiona duara hiyo?

Na mwanamke ambaye mumewe ndiye aliyefia nje, huyo ana mtihani mwengine. Kaa eda yake, miezi minne na siku kumi, imekwisha. Sasa yeye ni nani? Kwenye makaratasi ni mke wa mtu. Akitaka kuolewa tena, akitaka kudai mafao ya mumewe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, akitaka hata paspoti ya mtoto kwa idhini ya mzazi mmoja, anaulizwa mume yuko wapi. Ajibu nini?

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, na nakuombeni mlisome vizuri kwa sababu watu wengi hawalijui. Serikali haiwezi kusema haikujua. Kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu mahusiano ya kikonseli, na Tanzania imo, na Oman imo. Kifungu cha 37 kinasema kwamba raia wa nchi nyengine akifa, mamlaka za nchi aliyofia, zikiwa na taarifa hizo, zinatakiwa ziujulishe ubalozi au konseli ya nchi yake bila kuchelewa. Kwa hiyo kwa utaratibu wa dunia, anayetakiwa kuambiwa mwanzo ni Serikali yetu. Sisi tuliambiwa na dada wa Tanga.

Mkataba huo huo, kifungu cha 5, unaorodhesha kazi za konseli. Miongoni mwake ni kufanya kazi ya msajili wa matukio ya kiraia, pale ambapo sheria za nchi mwenyeji hazikatazi. Msajili! Na inayofuata hapo hapo ni kulinda maslahi ya raia wake kwenye mambo ya mirathi. Yaani ubalozi wetu Maskati una ruhusa ya kimataifa kukaa pale na kitabu, kuandika kizazi, kuandika kifo, na kusimamia haki ya warithi. Haya si mambo ya kuomba fadhila wala ya kungoja wafadhili.

Wenzetu wanafanya. Mfilipino akifa Maskati, mji ule ule, pengine mtaa ule ule na kazi ile ile aliyokuwa akifanya mama yangu mdogo, ubalozi wao unajaza taarifa rasmi ya kifo. Taarifa ile inakwenda Manila kupitia wizara yao ya mambo ya nje mpaka kwenye mamlaka inayotunza vyeti vya nchi nzima. Familia inakwenda kuchukua nakala kwenye ofisi ile ile ambayo ingechukua kama amefia nyumbani kwao. Wamarekani nao ubalozi unatoa taarifa ya kifo ambayo nyumbani inakubalika kwenye mirathi, na nakala mpaka ishirini hawalipishi. Watasema hao ni matajiri. Ufilipino ni nchi iliyopeleka mamilioni ya watu wake kufanya kazi za watu, kama sisi tunavyopeleka wetu. Tofauti ni kuwa wao waliamua kuwa anayepeleka mtu ndiye anayetakiwa kumhesabu, akiwa hai na akiwa amekufa.

Kuhesabu ndiko kwenyewe. Kenya walihesabu, na ndipo walipoona. Mwaka 2021 wizara yao ya mambo ya nje iliwaambia wabunge kuwa Wakenya 89 wamekufa Saudi Arabia ndani ya miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2019 walikuwa watatu tu. Na sababu ya vifo? Wengi wameandikiwa moyo umesimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, waliopimwa afya kabla ya kuondoka, wote moyo umesimama. Katibu mkuu wa wizara ile mwenyewe alikataa, akasema haiwezekani vijana wote wale wafe kwa moyo. Hakusema hivyo kwa kuwa ana roho nzuri kuliko wa kwetu. Alikuwa na orodha mbele yake, na orodha ikikaa mezani inaanza kuuliza maswali.

Sisi orodha yetu iko wapi? Cheti cha mama yangu mdogo nacho kimeandikwa moyo. Alikuwa na miaka 38, na hajawahi kulalamika kitu zaidi ya meno. Inawezekana ni kweli, mimi si daktari. Lakini kifo kimoja peke yake hakisemi kitu. Vikiandikwa pamoja, umri, mji, kazi, wakala, tajiri, sababu, hapo ndipo utajua kama kuna wakala ambaye wasichana wake hawarudi. Kila familia ikibaki na bahasha yake chini ya godoro, wakala huyo ataendelea kupita Pemba akichukua paspoti.

Najua wasomaji wa ukurasa huu mnangoja niseme kuhusu Daftari. Haya nitasema, na sitatumaliza kwa sifa. Ndiyo, jina la mtu aliyefia nje halijitoi lenyewe. Daftari linasafishwa kwa taarifa za vifo, na kifo ambacho hakijasajiliwa hakina taarifa. Kwa hiyo yupo, anangoja uchaguzi. Kila baada ya miaka mitano tunapiga kelele za wapiga kura hewa, na tuna sababu za kupiga kelele. Lakini jamani, tujiulize wenyewe: katika hao tunaowaita hewa, wangapi ni mama zetu na shangazi zetu waliofia Oman, ambao sisi wenyewe tumeshindwa kuwatafutia cheti? Tunawakumbuka mwaka wa uchaguzi kwa kuwa ni namba. Miaka minne ya katikati hakuna tawi hata moja ninalolijua ambalo lina daftari la watu wa shehia waliofia nje. Hilo hatuhitaji kuingia madarakani ili tulifanye. Linahitaji kalamu na kijana mmoja mwenye adabu ya kuingia nyumba za watu na kuuliza kwa upole.

Jibu la upande wa pili nalijua, nimelisikia mara nyingi. La kwanza: wengi walikwenda kinyemela, kwa viza ya matembezi, bila mkataba uliosajiliwa, ubalozi ungewajuaje? Sawa. Wapo, tena wengi, na tuache kuwadanganya wadogo zetu kuwa njia ya mkato haina bei. Lakini kifungu cha 37 hakiulizi viza. Kinauliza raia. Maiti iliyo na paspoti ya Tanzania mfukoni ni ya Tanzania. Na ukiangalia vizuri, aliyekwenda kinyemela ndiye anayehitaji zaidi kuandikwa, maana hana mkataba wala bima wala pa kuanzia.

La pili: tukirahisisha, watu watatangaza vifo vya uongo wale mirathi. Hili lina uzito kidogo, maana yapo, tumeona ndugu wakigawana nyumba ya mtu akaja kutokea hai. Lakini hiyo ndiyo sababu kifo kiandikwe na ubalozi, pale pale, wakati hospitali iko karibu na polisi wako karibu na mwili upo. Utaratibu wa sasa, wa familia kubeba karatasi ya Kiarabu baharini na kumuomba sheha asaini asichokiona, ndio ulio mwepesi kughushi.

La tatu ni lile la bajeti, na hilo nalipita. Nchi inayoweza kuandaa makongamano ya diaspora kila mara, na kila kiongozi akasimama kusifia fedha wanazotuma nyumbani, inaweza kununua kitabu cha kuandikia vifo.

Kwa hiyo madai yetu yawe hivi, na nawaomba wawakilishi wetu wayabebe Barazani na wabunge wetu Dodoma, maana jambo lenyewe lina vichwa viwili na linataka lisukumwe pande zote mbili. Taarifa ya kifo iliyopokelewa na kuthibitishwa na ubalozi iwe yenyewe ndiyo usajili. Ubalozi uitume moja kwa moja, kwa mtandao, RITA kama marehemu ni wa Bara, na Wakala wa Zanzibar kama ni Mzanzibari, na familia iitwe kuja kuchukua cheti wilayani kwao bila kupanda boti wala ndege. Wala isiambiwe ilipie tafsiri, maana ubalozi ulioko nchi ya Kiarabu usiokuwa na mtu wa kutafsiri ukurasa mmoja utueleze unafanya kazi gani. Na kila mwaka idadi itangazwe, nchi kwa nchi, pamoja na sababu zilizoandikwa. Majina wabaki nayo, heshima ya maiti. Tunataka namba.

Tumejadili sana uraia pacha, tumejadili hadhi maalumu, tumejadili diaspora wapige kura huko waliko. Yote ni haki na mimi nayaunga mkono. Lakini wanaoongoza mijadala hiyo wengi ni wenye ajira nzuri na nyumba London. Wa kazi za ndani Sohar hana muda wa kuingia kwenye mkutano wa mtandaoni, na simu yake pengine imeshikwa na tajiri. Chama chetu kikisema diaspora, kianze na huyo.

Mpaka hapo yatakapobadilika, mwenye mtu wake nje asikae bure. Mwambie leo akutumie picha ya paspoti yake, ukurasa wa picha na wa viza, na kadi yake ya ukaazi mbele na nyuma. Akutumie jina na namba ya tajiri, na ya wakala, na ya mtu mmoja anayefanya kazi karibu naye. Hakikisha jina lake limeandikwa sawasawa kila pahala, herufi kwa herufi. Likitokea la kutokea, usikubali kutumiwa karatasi ya hospitali tu ukadhani ndiyo imekwisha. Kule cheti cha kifo kinatolewa na idara ya matukio ya kiraia iliyo chini ya polisi wao, na unataka kipigwe muhuri na wizara yao ya mambo ya nje na baadaye ubalozi wetu, kabla hakijatoka nchini humo. Ukishakipokea Zanzibar bila ya mihuri, kukirudisha Maskati kugongwa ni safari ya miezi. Na paspoti ya marehemu, kabla haijasalimishwa ubalozini, ipigwe picha kurasa zote.

Sisi haya tuliyajua tumeshachelewa. Cheti kilifika bila muhuri, kikarudi, kikafika tena baada ya miezi saba kupitia mtu aliyekuwa anakuja likizo. Tumekitafsiri kwa pesa zetu. Wiki iliyopita tukaambiwa sasa kila kitu kiko sawa isipokuwa jambo moja: paspoti ilichukuliwa Bara, jina la baba limeandikwa Hamisi, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha hapa ni Khamis. Kwa hiyo hakuna uthibitisho kuwa aliyefariki kule ndiye aliyezaliwa huku.

Jumatatu bibi anakwenda kuapa mbele ya hakimu kwamba binti yake alikuwa mtu mmoja.